Namna ya Kuanzisha Mradi wa Vijana wa Kukabili Upungufu wa Chakula, na Kuufanya Udumu

Kabla ya kushika jembe, kuinjika sufuria ya kwanza au kuomba mchango wa nafaka, kikundi cha vijana kinapaswa kujibu swali ambalo miradi mingi hulipita haraka: katika jamii hii, chakula kinakatikia wapi? Kaya mbili zinaweza kulala na njaa usiku mmoja kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza haina fedha ilhali duka la jirani limejaa. Ya pili inazo fedha kidogo, lakini soko liko mbali na mtu ambaye angekwenda ni mgonjwa. Tena ipo kaya ya tatu, ambayo haihesabiwi kwa urahisi: hiyo inakula na kushiba kila siku, ila inakula chakula cha aina moja tu, na watoto wake wanadhoofu huku matumbo yao yakiwa yamejaa. Bustani ya mboga haitaifaa sana kaya ya kwanza, na mgao wa nafaka hautaiondolea kaya ya tatu tatizo lake.

Mkutano Mkuu wa Dunia kuhusu Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulikubaliana kwamba uhakika wa chakula upo pale ambapo watu wote, wakati wote, wanaweza kukifikia chakula cha kutosha, salama na chenye virutubisho. Maelezo hayo hugawanywa katika nguzo nne: chakula kuwapo, watu kuweza kukipata, mwili kuweza kukitumia, na mambo hayo matatu kuwa thabiti bila kuyumba kwa msimu au kwa mshahara. (Wengine husema “usalama wa chakula” kwa maana hiyohiyo. Mimi napendelea “uhakika”, kwa sababu neno usalama hutumika pia kwa usafi wa chakula chenyewe, na ndani ya kikundi mkanganyiko huo unaweza kupoteza mkutano mzima.) Vijana wengi huijali nguzo ya kwanza na kuisahau ya nne. Hata hivyo, ni hiyo ya nne itakayoamua kama mradi wao una thamani, kwa kuwa mzazi aliyezoea kupata mlo wa watoto kwenu kila Jumamosi, kisha akafika akakuta mlango umefungwa, yuko katika hali mbaya kuliko kama msingemwahidi kitu.

Ulizeni kabla ya kuchagua

Utafiti wa mwanzo hauhitaji mtaalamu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina dodoso la maswali manane ambayo mtu hujibu kwa ndiyo au hapana, na maswali hayo yamepangwa kufuata jinsi hali ya kaya inavyozidi kuharibika. Huuliza kama, kwa kukosa fedha au njia nyingine, mtu alipata wasiwasi kwamba chakula hakitatosha, alishindwa kula chakula chenye afya, alikula aina chache tu, aliruka mlo, alikula kidogo kuliko alivyopaswa, aliishiwa na chakula nyumbani, aliona njaa asile, au alishinda siku nzima bila kula. Mnaweza kuuliza kuhusu miezi 12 iliyopita au siku 30 zilizopita. Kwa kikundi kidogo kinachotaka kupima tena baadaye, siku 30 zinafaa zaidi, kwa sababu kumbukumbu bado ni mbichi na mabadiliko yataonekana mapema.

Ongezeni maswali matatu yenu wenyewe. La kwanza, ni miezi gani ya mwaka na ni siku gani za mwezi ambapo mambo huwa magumu. La pili, chakula kinapopungua, nani ndani ya kaya hula mwisho au hukosa. La tatu, watu hufanya nini sasa ili kujinusuru: hukopa, huuza kitu, hupeleka watoto kwa ndugu, au hupunguza ukubwa wa sahani. Jibu la swali hilo la tatu ndilo lenye manufaa kuliko yote, kwa maana huonyesha misaada ambayo tayari ipo miongoni mwa majirani, na mradi mzuri huitia nguvu misaada hiyo badala ya kuipiku.

Kaya 30 au 40 zilizochaguliwa kutoka pande zote za eneo zinatosha kuwapa mwelekeo. Nendeni wawiliwawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika, na mjieleze mapema kwamba kujibu si sharti na kwamba majibu hayaleti ahadi ya chakula. Msiandike majina pale ambapo namba inatosha. Muulizeni mtu akiwa peke yake inapowezekana, kwa kuwa mama aliyekaa mbele ya wageni wake hatakiri kwamba jana alikunywa maji akalala.

Kuchagua kazi inayolingana na jibu

Sasa rudini na majibu mezani. Ikiwa chakula kipo lakini watu hawana fedha, kazi zinazofaa ni kuokoa chakula cha ziada, kununua kwa pamoja ili bei ishuke, au jiko la pamoja. Ikiwa chakula hujaa wakati wa mavuno na kutoweka miezi michache baadaye, tatizo ni hifadhi na akiba. Ikiwa watu hushiba lakini hawapati mboga wala matunda, hapo ndipo bustani inapostahili kutajwa.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu bustani ndiyo kazi ambayo vijana huikimbilia kuliko zote, na matarajio yake hutiwa chumvi. Mipango ya misaada ya kibinadamu huhesabu wastani wa kilokalori 2,100 (kipimo cha nguvu ambayo mwili hupata kutoka kwenye chakula) kwa mtu mmoja kwa siku. Kilo moja ya nafaka kavu ina kilokalori zipatazo 3,500, lakini kilo moja ya mboga za majani ina takribani 200 hadi 300 tu. Hakuna kipande kidogo cha ardhi cha mboga kitakachoijaza kaya tumbo. Kinachoweza kufanya, na ni jambo kubwa, ni kuipa kaya hiyo vitamini A, foleti (moja ya vitamini B) na madini ambayo nafaka peke yake haina kwa kiasi cha kutosha. Bustani inayojieleza hivyo haitamvunja mtu moyo. Ile iliyoanza kwa ahadi ya kumaliza njaa ya mtaa itaachiwa magugu mavuno ya kwanza yatakapogawanywa na kila mtu kuondoka na fungu moja.

Uokoaji wa chakula nao una historia ya kutazamwa. Benki ya kwanza ya chakula, yaani ghala linalokusanya chakula cha ziada ili kiwafikie wahitaji, ilianzishwa mwaka 1967 mjini Phoenix, Marekani, na John van Hengel, baada ya kuona kiasi cha chakula kizuri kilichokuwa kikitupwa, na mfumo wake ukaenea katika nchi nyingi. Malighafi haijapungua: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea katika maduka, migahawa na nyumba, nyumba zikichangia asilimia 60 ya hasara hiyo. Kwa mradi wa vijana, maana ya takwimu hiyo ni kwamba sehemu kubwa ya ziada imetawanyika katika vikapu vidogovidogo visivyokusanyika kirahisi. Anzeni mahali ambapo ziada huwa nyingi na kwa saa inayojulikana: soko linapofunga, jiko la taasisi baada ya mlo wa mchana, au shamba baada ya wavunaji kuondoka.

Chagueni kazi moja. Kikundi kinachoanza na bustani, jiko na ghala kwa pamoja kwa kawaida huwa na mikutano mingi na chakula kidogo.

Nani ameshika ufunguo

Mradi hauwi wa vijana kwa sababu fulana zimevaliwa na vijana. Mwaka 1992 Roger Hart, mtafiti wa ushiriki wa watoto, katika kazi aliyoiandikia UNICEF, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana yenye vipago vinane. Vipago vitatu vya chini si ushiriki kamwe, kwani hapo vijana huendeshwa kwa hila, hutumiwa kama mapambo, au hupewa kiti pasipo sauti. Jambo linalowashangaza wengi ni kipago cha juu kabisa, ambapo vijana ndio walioanzisha jambo na maamuzi yanafanywa kwa pamoja na watu wazima. Kuwafukuza wazee, kwa hiyo, si kilele cha uongozi wa vijana.

Kipimo cha vitendo ni rahisi. Tazameni nani anashika ufunguo wa ghala, nani anatia sahihi ya kutoa fedha, nani anaweza kuahirisha mgao, na nani anazungumza na mfadhili. Ikiwa majibu yote manne ni mtu mzima mmoja, mradi ni wake hata awe mwema kiasi gani. Mahali pengi mtu ambaye hajafikia umri wa utu uzima hawezi kufungua akaunti ya benki wala kuingia mkataba wa ardhi, hivyo mlezi atahitajika. Lakini andikeni katika katiba ya kikundi kwamba mlezi hutia sahihi baada ya uamuzi wa mkutano na si badala yake. Watu wazima wanafaa sana katika mambo matatu: kufungua milango ya ofisi, kufundisha ustadi kama wa kupika kwa watu mia au kutambua udongo, na kukaa mahali vijana wanapokuwa kwenye mitihani.

Chakula chenyewe

Hapa ndipo pa kuwa wakali, kwa sababu kosa moja la usafi linaweza kuwaumiza watu ambao miili yao tayari ni dhaifu na kuufunga mradi siku hiyohiyo. Kanuni tano za Shirika la Afya Duniani zinatosha kuwa msingi: usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika kikamilifu, kutunza chakula katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Vijidudu huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinapopashwa tena joto lifike nyuzi 70 hadi katikati ya sufuria, si pembeni tu. Nunueni kipimajoto cha jikoni kabla ya kununua bango la mradi.

Mnapopokea chakula cha ziada kilichopikwa, ulizeni kilitoka jikoni saa ngapi, andikeni saa hiyo juu ya chombo, na mkikosa jibu la kuaminika kikataeni kwa heshima. Kukataa ni kugumu pale mtoaji anapotabasamu na watu wamekwisha kujipanga, kwa hiyo amueni mapema kwamba mtu mmoja kwa zamu ndiye mwenye neno la mwisho, na kwamba hakuna atakayembishia mbele ya watu. Kwa vyakula vya pakiti, tofautisheni tarehe inayohusu usalama, ambayo ikipita chakula hakigawiwi kabisa, na tarehe inayohusu ubora tu, ambayo baada yake chakula kikavu kilichofungwa vizuri huweza kuliwa bila madhara.

Sheria hutofautiana. Marekani ilipitisha mwaka 1996 sheria inayowakinga watoaji wa chakula wenye nia njema dhidi ya mashtaka, na Ufaransa mwaka 2016 iliyazuia maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa ambacho hakikuuzwa. Kwingineko mtoaji hubaki na wajibu wote, na hofu hiyo ndiyo humfanya atupe. Nendeni kwa afisa afya wa eneo lenu kabla hajaja yeye, mkaulize kibali gani kinahitajika, kisha mpelekeeni mtoaji makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema nani anawajibika kuanzia chakula kinapotoka mlangoni kwake.

Wanaochagua hifadhi ya nafaka wana adui wawili, unyevu na wadudu. Nafaka ihifadhiwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, la sivyo ukungu utaota na kuacha sumukuvu, ambayo kupika kwa kawaida hakuiondoi. Ikiwa hamna kifaa cha kupimia, tieni nafaka ndani ya chupa ya kioo iliyokauka kabisa pamoja na chumvi kavu kidogo, mtikise kwa dakika chache, kisha muiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi na irudishwe juani, ikitandazwa juu ya turubai na si juu ya udongo. Ikishakauka, mifuko isiyopitisha hewa huwaua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, bila dawa yoyote, mradi mfuko haujatobolewa na haufunguliwi kila siku.

Na wenye bustani waanze na karatasi. Ruhusa ya ardhi ya mdomo hudumu hadi mboga zinapoanza kupendeza, na hapo mwenye kiwanja hukumbuka kwamba alikuwa na mipango mingine. Ombeni maandishi yenye muda usiopungua misimu miwili. Ikiwa ni mjini, chunguzeni historia ya kiwanja, kwa kuwa udongo ulio kando ya barabara kuu, gereji ya zamani au nyumba zenye rangi kuukuu unaweza kuwa na madini ya risasi. Ukiwa na shaka, panda katika matuta ya kuinuliwa yaliyojazwa udongo uliotoka kwingine. Mahali pawe na jua la saa sita angalau na maji yasiyotegemea huruma ya jirani mmoja. Lundo la mboji la mita moja kila upande, lenye takataka kavu nyingi kuliko mbichi, hupata joto la kutosha kuua mbegu za magugu na vimelea vingi likigeuzwa mara kwa mara. Samadi mbichi isisogezwe karibu na mboga zinazokaribia kuvunwa: kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na ni kipimo chema hata kwa asiyelazimishwa na kanuni hizo.

Kugawa kwa kusitiri

Mhitaji anayeona haya hatafika, na asiyefika hamtamjua. Ondoeni kila kinachomtangaza. Msipige picha za wanaopokea, hata mfadhili akiziomba. Mpeni picha za ghala, za sufuria na za daftari. Vigezo vya kupokea viwe vichache, viandikwe na vibandikwe ukutani, ili mtu asidhani kwamba upendeleo wa kikundi ndio unaoamua. Pale chakula kinapotosha, ni afadhali kumhudumia yeyote anayefika kuliko kumlazimisha mtu kuuthibitisha umaskini wake. Inapowezekana, vipangeni vyakula mezani na kila kaya ichague yenyewe kwa idadi mliyokubaliana, kwa maana kaya huijua miiko yake, maradhi yake na kile ambacho watoto wake hawali, na kile kisichochukuliwa kitawafundisha nini msikusanye tena.

Wapeni wanaopokea nafasi katika kazi, bila kuifanya kuwa sharti. Kisha tengeni muda kila mwezi wa kuwatafuta wale mliowaandika katika utafiti na ambao hawakuja, kwa sababu wagonjwa, wazee wanaoishi peke yao na watu wenye ulemavu ndio ambao foleni huwaacha nyuma.

Kuhusu fedha niseme machache: risiti kwa kila matumizi, watu watatu wenye sahihi ambao wawili kati yao lazima wakubaliane, na hesabu ya mwezi ibandikwe pale chakula kinapogawiwa. Chakula nacho kiandikwe kama fedha, kilichoingia, kilichotoka na kilichoharibika. Safu ya kilichoharibika ikiwa tupu mwezi hadi mwezi, huenda mtu anaandika asichokiona.

Kupanga kwa ajili ya siku mtakayoondoka

Vijana huondoka. Huenda vyuoni, hupata ajira, huoa na kuolewa, huhamia mjini, na hilo si kosa la mtu. Mradi unaotegemea kwamba hawataondoka ndio wenye kosa. Basi hesabuni saa za kazi za wiki nzima, ikiwa ni pamoja na kubeba, kuosha na kuandika, kisha ahidini tu kile ambacho nusu ya wanachama mlionao sasa wanaweza kukitimiza. Mkiwa ishirini, pangeni kama watu kumi. Choreni kalenda ya mwaka, mtie alama majuma ya mitihani, sikukuu na msimu wa kazi za shamba, na mlinganishe na miezi migumu mliyoambiwa katika utafiti. Mara nyingi vipindi hivyo viwili hugongana, na hapo ndipo walezi, wahitimu wa zamani au kikundi jirani wanapopaswa kuwa wameombwa miezi kadhaa kabla.

Kila nafasi iwe na watu wawili, anayeifanya na anayejifunza, na anayejifunza awe wa umri mdogo kuliko mwenzake kwa miaka miwili au mitatu. Mhazini asikae zaidi ya mwaka mmoja au miwili hata kama ni mwaminifu kupita wote. Tunzeni daftari moja la namna ya kufanya, lenye namba za watoaji, saa za kuchukua chakula, mahali mfuniko wa tangi ulipo, na yule mtu wa ofisini ambaye ni lazima aonwe asubuhi.

Baada ya miezi sita rudieni maswali manane kwa kaya zilezile, kwa majira yanayolingana ikiwezekana, kwa maana kulinganisha mwezi wa mavuno na mwezi wa ukata hakutawaambia kitu. Huenda mkagundua kwamba wasiwasi umepungua lakini aina za chakula hazijaongezeka, na hapo mtajua kazi ya pili iwe ipi. Huenda pia mkagundua kwamba kinachokatisha chakula ni ujira mdogo, kodi ya nyumba au barabara mbovu, mambo ambayo sufuria yenu haiyafikii. Takwimu hizo pelekeni kwenye baraza la eneo mkiwa na kurasa mbili tu, kabla ya bajeti kupitishwa, kwa sababu baada ya hapo zitapokelewa kwa shukrani na kuwekwa kabatini.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, waanzilishi wote wakae nje ya mradi kwa mzunguko mmoja kamili wa kukusanya na kugawa, simu zao zikiwa zimezimwa, huku waliobaki wakifuata daftari. Kila kitakachokwama siku hiyo kiandikwe jioni ileile katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na ufunguo wa ghala ubaki kwa yule aliyefungua mlango asubuhi.